Dhahabu na Maji Sekenke

Jina la Sekenke limo katika historia kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wake, ulio katika nchi ya Iramba, ukingoni mwa mbuga ya Wembere, ulifunguliwa zama za Wadachi. Dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu ya rupia 15 mjini Tabora katika mwaka wa 1916, vita vilipofunga njia ya bahari na fedha ikaadimika. Walakini mtungi nao una historia yake, ijapokuwa haikuandikwa kwa wingi. Mtu aweza kuishi umri wake wote bila ya dhahabu. Bila ya maji hamalizi juma.

Nyumba ya asili ya sehemu hizo ni tembe. Paa lake ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo. Ni nyumba ya hekima: hustahimili upepo, huwa baridi wakati wa jua kali, wala haimlazimishi mjenzi kununua kitu. Lakini paa la udongo huinywa mvua badala ya kuikusanya. Kwa hivyo maji yalifuatwa visimani, au katika mashimo yaliyochimbwa mchangani mwa vijito vikavu, na aliyeyafuata aghalabu alikuwa mwanamke. Umbali wa kisima ulipimwa kwa shingo yake.

Wenye mamlaka walikuwa na mipango mikubwa. Kabla ya vita vya 1914, Wadachi walikusudia kuleta maji ya Ziwa Victoria Wembere ili pamba ilimwe, mfereji haukuchimbwa. Baada ya uhuru, katika mwaka wa 1965, serikali ilijitwika gharama za kujenga miradi ya maji vijijini. Mwaka 1971 ukawekwa mpango wa miaka 20, ili kila kaya ipate maji mahali pasipozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika, ahadi haikutimia, na sera mpya ikawataka wananchi wachangie. Maji ya ziwa yalifika Shinyanga na Kahama katika mwaka wa 2009, na baadaye Nzega, Tabora na Igunga, ng'ambo ya Wembere.

Baina ya mpango na kutimia kwake, mkulima huoa, huzaa na huzika. Ndiyo sababu ya mjenzi wa nyumba shambani kujitia ufundi wa bomba mwenyewe. Mlango wa ufundi huo ulifunguliwa na bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 600, hupokea lita 30,000. Ikipotea sehemu moja katika tano, hubaki 24,000. Watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja humaliza 120 kwa siku, au 43,800 kwa mwaka. Paa hilo, basi, hutosheleza zaidi kidogo ya nusu. Tena tangi la lita 5,000 huisha kwa siku 41, hali kiangazi ni cha miezi sita. Aliyenunua mabomba kabla ya kuhesabu tangi amejenga koki za kutazamwa.

Yaliyobaki ni kazi ya uvumilivu. Tangi liinuliwe, maana kimo ndicho kinachoyasukuma maji. Bomba la maji machafu lipewe mteremko, na shimo lake liwe mbali na kisima, upande wa chini. Chini ya beseni bomba likunjwe, ili maji yanayobaki katika mkunjo yazuie harufu isirudi ndani. Na kwa kuwa maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Singida yana floridi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa ya watoto, ni busara maji ya mvua kuwekwa kwa kunywa na kupikia, na ya kisima kwa kufulia na kunyweshea mifugo.

Bomba la mtu mmoja halimalizi deni la umma. Linaishia ukutani mwake, na jirani yake bado ana ndoo kichwani. Lakini dhahabu ya Sekenke ilikwenda mbali na waliokaa juu yake; maji yaliyovunwa na mwenye paa hunywewa papo hapo, na binti aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kisimani hupata nafasi ya kuwahi shule.