Majina ya Mama Katika Makaburi ya Gisenyi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo tulilojifunza mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, tulipokuwa tukiwasaidia baadhi ya wanafunzi wetu kutafuta nasaba za familia zao. Tulikwenda tukidhani kwamba kazi hiyo ni ya wanahistoria, na kwamba sisi walimu wa lugha tunasindikiza tu. Tulirudi na maoni mengine.

Chanzo chake ni posa. Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, alikwenda kuposa. Katika gusaba, yaani hafla ya kuomba mchumba kwa desturi ya Wanyarwanda, msemaji wa upande wa binti aliuliza, kwa utani kama ilivyo kawaida, wageni hawa ni wa ukoo gani na wajomba zao wanakaa kilima kipi. Msemaji wa upande wa kijana alitaja majina manne ya baba, mmoja baada ya mwingine, hadi kwa babu mzaa babu aliyetoka Tabora. Kuhusu wajomba wa huyo wa mwisho wa kuzaliwa Gisenyi hakuwa na la kusema. Watu walicheka, soda zikaletwa, posa ikakubaliwa. Kijana mwenyewe hakucheka.

Ili msomaji aelewe ukimya ule, hana budi kukumbuka kwamba Gisenyi ni mji ambamo taratibu mbili za majina zilikutana. Kwa desturi ya Kinyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja huweza kuitwa Habimana na Nsengiyumva, na hakuna chochote katika majina hayo kinachoonyesha kwamba wamelala nyumba moja. Kinachorithiwa ni ubwoko, yaani ukoo: Abasinga, Abazigaba, Abagesera, Abega na wengineo. Ubwoko hutoka kwa baba. Waswahili nao walikuja na mnyororo wa bin na binti, ambao kila pete yake ni jina la baba. Mgeni kutoka pwani au Tabora alipooa binti wa Bugoyi, watoto waliingia katika mnyororo wa baba yao, na ukoo wa mama haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Wageni hao walifika lini? Waislamu wa kwanza waliingia Rwanda pamoja na utawala wa Wajerumani, wakiwa askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Gisenyi ilikuwa na umuhimu wake wa pekee kwa sababu ya mpaka. Makubaliano ya mwaka 1910 yaliiacha Gisenyi upande wa Wajerumani na Goma upande wa Wabelgiji, na vita vilipozuka mwaka 1914 mji huu mdogo wa ufukweni mwa Ziwa Kivu ukawa mstari wa mbele. Kapteni Max Wintgens aliushikilia hadi Mei 1916 alipolazimika kurudi nyuma. Maandishi ya vita hivyo yanataja maofisa kwa majina na vyeo. Askari na wapagazi, ambao ndio waliokuwa wakizungumza Kiswahili, wanatajwa kwa idadi.

Baada ya hapo Wabelgiji waliwaweka Waswahili katika mitaa yao, mbali na mamlaka ya machifu wa vilimani. Ndiyo asili ya mitaa kama Majengo, jina ambalo msomaji atalikuta pia Mombasa, Nairobi na Moshi. Jambo hilo lina matokeo makubwa kwa anayetafuta nasaba. Familia ya Kikatoliki ya Bugoyi inaweza kwenda Nyundo, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, ikaomba kutazama vitabu vya ubatizo. Kitabu cha ubatizo huandika baba na mama. Familia ya Majengo haina kitabu cha namna hiyo.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Kiswahili cha pwani hutumia neno mlango kwa maana ya tawi la ukoo, na nyumba kwa maana ya familia iliyo ndani ya tawi hilo. Kinyarwanda nacho kina umuryango, ambalo ni mlango wa kuingilia na pia ni familia, na inzu, ambayo ni nyumba na pia ni ukoo mdogo. Hata safu ya vizazi ina ulinganifu wa kupendeza: sisi tunasema mjukuu, kitukuu, kilembwe, wao wanasema umwuzukuru, umwuzukuruza, ubuvivi, kisha ubuvivure. Mwanafunzi wa Majengo, anayezimiliki lugha zote mbili tangu utotoni, anazo zana za kutosha za kuuliza maswali. Kinachokosekana ni mtu wa kumjibu.

Tena tusidhani kwamba Wanyarwanda wa kale waliwapuuza mama. Katika baraza la mfalme walikuwepo abacurabwenge, wajuzi wa kukariri nasaba ya kifalme, na kila mfalme walimtaja pamoja na mama yake, baba wa mama huyo na ukoo wake. Padri Alexis Kagame aliishughulikia nasaba hiyo katika Inganji Karinga, kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1943. Mfalme bila ujombani hakuwa mfalme kamili. Kwa nini basi mjukuu wa askari asiulizie wake?

Tulianzia makaburini. Tulikwenda siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukiwa na mapanga na majembe. Makaburi ya zamani ya Waislamu hayasomeki kama yale ya Wakristo. Mengi hayana maandishi. Kuna jiwe kichwani na jiwe miguuni, nayo ni mawe meusi ya volkano kama yale yaliyotumika kujengea kuta za mji mzima, hivi kwamba majani yakiota huwezi kutofautisha kaburi na jiwe lililojitokea lenyewe. Mmoja wa wanafunzi wetu alifyeka kwa bidii karibu nusu saa kuzunguka jiwe ambalo, kama alivyoambiwa baadaye, halikuwa na mtu chini yake.

Aliyemwambia ni mzee mmoja wa mtaani, ambaye baba yake aliwahi kuwa msomaji wa talkini. Kwa wasioifahamu, talkini ni maneno anayosomewa maiti baada ya mwanandani kufunikwa na kaburi kufukiwa, akumbushwe majibu atakayotoa kwa malaika. Ni desturi ya Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, na ilitoka pwani ikafuata misafara hadi huku. Wapo leo wasioikubali, wakisema ni uzushi. Hatuna elimu ya kuamua mjadala huo. Lililotushtua ni jambo la lugha: katika talkini maiti haitwi kwa jina la baba. Huitwa kwa jina la mama.

Yaani mtu aliyeishi miaka 60 akiitwa bin wa baba yake, siku ya mwisho, juu ya kaburi lake, hutajwa mbele ya watu kuwa mwana wa mwanamke fulani. Jina tulilokuwa tukilitafuta katika mawe lilitamkwa kwa sauti, mara moja, likasikiwa na waliohudhuria.

Mzee alikuwa na daftari la baba yake. Msomaji wa talkini alilazimika kuuliza jina la mama kabla ya maziko, na huyu alikuwa na mazoea ya kuliandika, kwa hati za Kiarabu, asije akalisahau njiani. Tuliruhusiwa kulisoma ukumbini kwake. Tulisoma polepole, tukajaza majedwali yetu, na jioni tukatangaza kwa furaha kwamba tumegundua mama mkuu wa Majengo: mwanamke aitwaye Hawa, aliyezaa watu saba wa familia tano. Tulikwisha kuchora mti wa ukoo. Mzee aliutazama, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. Hawa, alitueleza, ni mke wa Adamu. Maiti ambaye jina la mama yake halikujulikana huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa huyo ni mama wa wote.

Tulifuta mti wetu. Hata hivyo tunaona kwamba kosa lile lilitufundisha kuliko yote tuliyosoma kwa usahihi. Watu saba walizikwa bila mtu hata mmoja pale kaburini aliyejua mama yao alikuwa nani. Baadhi yao, kwa mujibu wa mzee, walikuwa wageni hasa, waliofia safarini. Wengine walizaliwa papa hapa, na mama zao walizaliwa umbali wa saa moja kwa miguu.

Haiwezekani kuandika juu ya makaburi ya Gisenyi na kuruka mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi wa mji huu walipelekwa mahali palipoitwa Commune Rouge, penye makaburi, wakauawa na kutupwa mashimoni. Leo pana kumbukumbu yao. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zilizisaidia familia nyingi kujua wapendwa wao walitupwa wapi, wakapata kuwazika kwa heshima. Kwa utafutaji wetu maana yake ni hii: mtu akifanikiwa kujua jina la mama na kilima chake, huenda akafika kilimani akakuta nyumba nzima ya ujombani haipo, na jirani anayezungumza naye anachagua maneno. Tuliwaambia wanafunzi wetu hivyo kabla ya kuanza, na wawili waliamua kutoendelea. Hatukuwashawishi.

Mwanafunzi wa ile posa aliendelea. Mama wa babu yake katika daftari hakuwa Hawa. Lilikuwa jina la Kinyarwanda linaloanza kwa Nyira-, kama ulivyo mlima Nyiragongo unaotazamana na mji, lakini sehemu iliyobaki iliandikwa bila irabu, nasi tuliisoma kwa namna tatu tofauti. Alimpigia simu bibi mmoja wa ukoo wake anayeishi Goma. Bibi aliyasikiliza matamshi yote matatu, akayakataa yote, akatamka la nne, kisha akataja na kilima, upande wa Rugerero.

Kijana ameliandika jina hilo kwa penseli. Kaburi la babu yake limekwisha kufyekwa na mawe yake mawili yamesimamishwa, ila hajaweka kibao. Anasubiri bibi avuke mpaka aje alitamke tena akiwa amesimama pale pale.