Maandiko ya Profesa Issa Shivji Kuhusu Sheria, Uchumi na Ardhi

Profesa Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946, alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni mwanasheria, lakini maandiko yake yanarudia swali la uchumi: nani anaamua juu ya mali, na kwa idhini ya nani?

Class Struggles in Tanzania (1976) kiliutazama Ujamaa kwa jicho la Umarksi, kikidai kwamba utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha uliwakuza watendaji wa dola kuwa tabaka linalotawala. Law, State and the Working Class in Tanzania (1986) kinafuatilia sheria za kazi tangu enzi za mkoloni. Hatukubaliani naye katika kila jambo; huona tabaka hata pale ambapo sisi tungeona ukoo.

Kwetu tunaohudumu Dodoma, maandiko yanayotugusa zaidi ni yale ya ardhi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuongoza Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilipendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe kwa Serikali kuu, na ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Pendekezo hilo halikupita. Sheria mbili za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, ziliacha ardhi yote kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji, lakini Rais aweza kuihamisha kwa manufaa ya umma. Shivji alikwisha kuikosoa njia hiyo katika Not Yet Democracy (1998).

Kitabu hicho kinasomeka vizuri ukiwa Dodoma. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu, mashamba ya mtama na uwele ya Wagogo yamekuwa yakigeuka viwanja. Waamini wengine huleta barua zao parokiani wakidhani padre aweza kusimamisha upimaji. Hawezi, ila aweza kuwasomea sheria.

Vingi vya vitabu hivi ni vya Kiingereza kigumu. Asomaye Kiswahili aanze na Insha za Mapambano ya Wanyonge. Mwenye subira asome juzuu tatu za wasifu wa Mwalimu Nyerere, Development as Rebellion (2020), alizoandika pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata.