Ushahidi wa Senti Yenye Tundu

Mwanafunzi mpenzi, huenda siku moja, ukilima shamba huko Noonkopir au ukipanga kisanduku cha nyanya yako, ukakuta senti ya shaba yenye tundu katikati. Usiisugue kwa mchanga, wala usiiuze kwa mtu wa kwanza anayekusifia. Sarafu ni shahidi, mhoji kwanza.

Anza na tundu. Lile la kiwandani lina ukingo laini. La msumari huparuza kidole. Tundu hilo liliwawezesha wazee wetu kutunga senti zao kwenye uzi. Upande mmoja utaona pembe za ndovu zimelizunguka, jina la Afrika Mashariki kwa Kiingereza, na mwaka. Ukiona herufi ndogo H au KN, jua kwamba sarafu ilipigwa Birmingham, Uingereza. Upande wa pili pana taji na jina la mfalme kwa Kilatini, pamoja na maneno REX ET IND: IMP., yaani Mfalme na Kaizari wa Uhindi.

Sasa lisome jina lenyewe. Likiwa EDWARDVS VIII, na mwaka ni 1936, umeshika jambo la ajabu. Edward wa Nane alishika ufalme tarehe 20 Januari 1936, akajiuzulu tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, kabla ya kuvikwa taji, ili apate kumwoa Wallis Simpson, mwanamke wa Marekani. Kwao Uingereza, sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa matumizi ya watu. Senti zetu hazikuhitaji sura, kwa maana mahali pa kichwa palikuwa na tundu. Zilitosha taji na jina; basi zikapigwa, zikaletwa, zikanunua chumvi na kiberiti katika masoko yetu.

Je, umetajirika? La. Senti hizo zilipigwa kwa mamilioni, na tangu Kenya ilipotoa fedha zake mwaka 1966 zamani zake zimekwisha. Atakayekuuzia moja kwa bei ya ng'ombe anakudanganya. Lakini tazama: wakulima na wafugaji wa Afrika Mashariki walishika mikononi jina ambalo mwananchi wa London hakulikuta katika fedha zake. Historia haikai vitabuni tu. Huenda imelala kisandukuni kwenu, ikimngoja mwenye kusoma.