Ziwa Lilibadilishwa Jina, Herufi Zikabaki

Ukipita Oltepesi kwenye barabara ya Magadi utafika Olorgesailie. Mwaka wa 2003, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Smithsonian, Marekani, walipata hapo vipande vya fuvu la binadamu aliyeishi zaidi ya miaka 900,000 iliyopita. Fuvu hilo huitwa KNM-OL 45500. Wengi huliona kama nambari ya gari. Mimi hulisoma kama kirai: KNM ni Makavazi, mwenye dhamana, OL ni Olorgesailie, kisha nambari. Kubwa hutangulia, dogo hufuata.

Lugha ya kompyuta ya Java ilipotolewa mwaka wa 1995, ilikuja na desturi iyo hiyo. Vipi mtu wa Nairobi na wa Tokyo wasibuni jina moja kwa vitu viwili, na hawajuani? Basi kila mmoja atangulize jina la kikoa chake cha intaneti, akiligeuza: si mfano.or.ke bali ke.or.mfano, kisha lake lifuate. Kikoa kimoja hakisajiliwi kwa wawili. Mwaka wa 1999, waliosanifu majina ya data za XML waliruhusu anwani nzima ya tovuti iwe jina tu, hata kama hakuna ukurasa wowote wa kufungua.

Lakini kikoa hukodishwa, wajameni! Usipolipa, mwingine hukichukua, naye ana haki ya kubuni jina lile lile ulilobuni.

Makavazi yalikumbana na jambo la karibu na hilo. Fuvu KNM-ER 1470, aliloliona Bernard Ngeneo mwaka wa 1972, lina ER ya Rudolf Mashariki. Mwaka wa 1975 ziwa likaitwa Turkana. Kijana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu ng'ambo ya magharibi mwaka wa 1984 akawa KNM-WT 15000, yaani Turkana Magharibi. ER haikuguswa. Naelewa anayekerwa kuona mwanamfalme wa Austria akining'inia kwenye mifupa yetu, ila kwa maoni yangu Makavazi yalifanya sawa: kuibadilisha ER kungeyapoteza maandishi yote yaliyokwisha kuitaja.

Wataalamu wa intaneti walilitatua lao mwaka wa 2005. Tim Kindberg na Sandro Hawke walipendekeza kikoa kiandamane na tarehe: tag:mfano.or.ke,2005:kamusi. Maana yake ni yule aliyekimiliki kikoa hicho Januari 1, 2005. Atakayekinunua baadaye hahusiki. Wanaotayarisha kamusi za Kiswahili za kidijitali kwa vikoa vya miradi ya miaka mitatu wauandike mwaka huo tangu kidahizo cha kwanza.