Nani anakesha ili wengine walale? Historia ya usingizi katika Bukavu

Hapa Bukavu, asubuhi jirani akikutana na jirani kwenye bomba la maji, anamuuliza: «Mulilala muzuri?» Salamu ile haiulizi mtu mmoja tu, inauliza nyumba nzima. Lakini siku hizi jibu linalosikika mara nyingi ni hili: «Sikulala, usingizi ilikatala.» Wengi wanafikiri ni ugonjwa wa mwili tu. Sisi tunapenda kuonyesha kwamba ukosefu wa usingizi katika mji wetu una historia, na asiyejua historia ile atatafuta dawa mahali si pake.

1. Usiku wa wazee

Zamani katika vijiji vya Bushi, jioni watu walikaa kando ya moto, wazee wakisimulia hadithi, watoto wakisinzia pale pale. Usiku ukiendelea, mzee aliamuka kuchochea moto, mama aliamuka kunyonyesha, kijana alisikiliza kama mbuzi wametulia. Hakuna aliyemwita mgonjwa mtu aliyeamuka vile. Kila mmoja alilala kwa sababu alijua kuna mwingine ambaye macho yake iko wazi.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2017, watafiti walitangaza matokeo ya kazi yao kwa Wahadza wa Tanzania. Watu wazima 33 walivaa mikononi kifaa cha kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zile zote, muda ambao wote 33 walilala pamoja ulikuwa dakika 18 tu! Vijana walichelewa kulala, wazee waliamuka mapema, na vile kambi ilikuwa na walinzi bila kuwachagua. Huko Ulaya nako, mwanahistoria Roger Ekirch ameonyesha kwamba kabla ya wakati wa viwanda, watu wengi walilala mara mbili kwa usiku mmoja, na katikati walikaa macho kidogo. Basi mzee anayeamuka saa kumi za usiku asiogope mara moja.

2. Usiku wa mji

Mji uliobeba jina la Costermansville mpaka miaka ya 1950 ulileta usiku wa namna nyingine. Saa ya kazi na ya shule ndiyo ilianza kuamuru, hata kama usingizi haujaisha. Watu wa vijiji mbalimbali walijikuta Kadutu na Bagira, ukuta kwa ukuta na jirani wasiyemjua. Halafu mji ulijaa kupita kiasi. Leo kuna kartie ambako umeme ama maji inafika paka usiku wa manane. Mama anaamuka kupika madesu, kupiga pasi na kujaza mabidoni. Saa kumi na moja yuko tayari njiani kwenda sokoni. Mama huyu hana ugonjwa wa usingizi. Hana nafasi ya kulala.

3. Usiku wa masasi

Lakini sababu kubwa ni vita. Mwaka 1967, Jean Schramme na mamluki wake walikalia Bukavu toka Agosti mpaka mwanzo wa Novemba. Mwisho wa Oktoba 1996, mji ulianguka mikononi mwa AFDL, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Agosti 1998 vita vingine vikaanza. Mwanzo wa Juni 2004, askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi walishika mji karibu juma moja. Tarehe 3 Februari 2008, ardhi yenyewe ilitetemeka, na wengi wakaogopa kulala ndani. Februari 2025, M23 waliingia mjini. Kati ya tarehe hizi kulikuwa tena usiku mingi wa wezi wenye silaha, wakati kartie nzima inapiga masufuria na filimbi kuwafukuza.

Mwili unajifunza. Aliyeishi miaka ile anaamuka kwa mlango ukigonga kidogo tu, hata kukiwa na amani. Amekuwa mlinzi ambaye hakuna anayekuja kumpokea zamu.

4. Kinini na kasiksi

Wengi wanatafuta njia fupi. Wengine wanakunywa kasiksi ama kanyanga. Pombe inaleta usingizi haraka, ni kweli, lakini nusu ya pili ya usiku inauvunja. Wengine wanajinunulia kinini za usingizi, kama vile diazepamu, bila karatasi ya daktari. Dawa hii ni ya siku chache. Mwili ukiizoea, unadai kipimo kikubwa zaidi, na kuiacha ghafla ni hatari. Anayeitumia siku mingi aipunguze polepole akiongozwa na daktari.

Madaktari wa leo wanashauri kwanza kubadilisha mazoea: kuamuka saa moja ile ile kila siku, kuacha kahawa toka mchana, kutolala sana mchana. Usingizi ukikatala, toka kitandani, kaa pahali patulivu, urudi ukisinzia. Kama hali inaendelea zaidi ya miezi 3, ama kuna maumivu, kukojoa mara mingi, huzuni nzito ama ndoto za vita, mtu aende akapimwe. Hapa Bukavu kituo cha SOSAME cha Mafrere wa Charité kinatunza wagonjwa wa akili. Kwenda pale si haya, na si kuitwa kichaa.

Hata hivyo, shauri la daktari halitoshi kwa mtu anayeogopa mlango wake. Wazee walikuwa na ulinzi wa kupokezana, na ulinzi ule tunaweza kuujenga tena: ronde ya avenue yenye zamu zinazojulikana, taa mbele ya nyumba, jirani anayeitika akiitwa, na katika nyumba, wakubwa wawili wanaosema wazi nani atasikiliza usiku huu na nani atalala. Mjane anayeishi peke yake na watoto asiachwe nje ya zamu ile. Yeye ndiye amekesha kuliko wote.