Simu janja na kishikwambi: Tofauti ambayo mnunuzi hapaswi kuipuuza

Mnunuzi anayeingia katika duka la simu huko Kimisagara, sekta ya wilaya ya Nyarugenge iliyo kwenye mteremko wa Mlima Kigali, anaweza kukuta simu janja na vishikwambi vimepangwa kwenye kabati moja. Vyote vina kioo cha kugusa, vyote hufungua intaneti, na vingi huendeshwa na mfumo uleule wa Android. Tofauti inayoonekana mara moja ni ukubwa. Hata hivyo, kwa familia yenye fedha za kununua kifaa kimoja tu, tofauti iliyo nzito zaidi haionekani kwa macho: ni iwapo kifaa hicho kinaweza kufanya kazi zote zinazotegemea namba ya simu.

Kishikwambi ni jina linalotumika Tanzania kwa kile ambacho watu wengi hukiita tableti. Aina hiyo ya kifaa ilienea duniani baada ya kampuni ya Apple kuzindua iPad mnamo Januari 2010, miaka mitatu baada ya simu yake ya kwanza ya iPhone.

Ukubwa wa kioo na uzito

Kioo hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Simu janja nyingi za sasa zina takriban inchi 6.5, na vishikwambi vingi vina takriban inchi 10. Kwa kusikia, pengo hilo ni dogo. Lakini eneo la kusomea la kishikwambi cha inchi 10 hukaribia mara tatu ya lile la simu. Ndiyo maana ukurasa wa kitabu cha shule au fomu yenye safu nyingi husomeka vyema kwenye kishikwambi, ilhali kwenye simu msomaji hulazimika kuukuza na kuusogeza ukurasa kila mara.

Gharama ya ukubwa huo ni uzito. Simu huwa na takriban gramu 200 na huingia mfukoni. Kishikwambi cha inchi 10 hukaribia nusu kilo na huhitaji mkoba na mikono miwili. Mchuuzi anayepanda kutoka stendi ya Nyabugogo akiwa na mzigo hawezi kukitumia njiani kama anavyotumia simu. Tena, kioo kipana kikianguka huwa rahisi kupasuka, na kukibadilisha huweza kuwa ghali.

Namba ya simu ndiyo pochi

Nchini Rwanda laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na huduma nyingi za kila siku hupitia kwenye laini hiyo. Huduma ya MTN MoMo hufunguliwa kwa kupiga *182#, na huduma za serikali za Irembo hupatikana pia kwa *909#. Menyu za namna hiyo hazihitaji intaneti, bali zinahitaji kifaa chenye uwezo wa kupiga namba kupitia mtandao wa simu.

Hapo ndipo vishikwambi vinapotofautiana vyenyewe kwa vyenyewe. Viko visivyo na tundu la laini kabisa, ambavyo hutegemea waifai pekee. Viko vinavyopokea laini kwa ajili ya intaneti tu, bila kupiga simu wala kufungua menyu hizo. Na viko vichache vinavyofanya yote kama simu. Muuza mboga anayelipwa na wateja kwa MoMo akinunua kishikwambi cha aina ya kwanza au ya pili, atalazimika kubaki na simu yake ya zamani ili aweze kutuma pesa na kuangalia salio.

Hali ni hiyo hiyo kwa WhatsApp. Akaunti yake hufunguliwa kwa namba ya simu, na kishikwambi huweza kuunganishwa kama kifaa cha ziada. Lakini simu kuu isipotumika kwa takriban siku 14, vifaa vilivyounganishwa nayo hutolewa. Vivyo hivyo, benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya mteja.

Cha mtu mmoja au cha nyumba nzima

Kwa kuwa simu hubeba namba, pesa na mazungumzo ya mtu, ni mali ya mtu mmoja, na mzazi anapokwenda kazini huondoka nayo. Mtoto aliyetegemea simu hiyo kwa masomo hubaki bila kifaa hadi jioni. Tatizo hilo lilijitokeza waziwazi Machi 2020, shule za Rwanda zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19 na masomo kuhamia redioni, kwenye televisheni na kwenye intaneti.

Kishikwambi, kwa upande wake, hubaki nyumbani. Vishikwambi vingi vya Android huruhusu kila mtumiaji kuwa na sehemu yake, hivyo mtoto anaweza kusoma bila kugusa ujumbe wa mama yake. Lakini kisipokuwa na laini, kinahitaji intaneti kutoka mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo ni simu ya mzazi. Isitoshe, video inayotazamwa kwa ubora wa juu ili ipendeze kwenye kioo kikubwa humaliza bando upesi. Kupakua masomo mapema penye waifai hupunguza gharama hiyo.

Serikali zimechagua nini

Maamuzi ya serikali katika ukanda huu yanaonyesha matumizi ya kila kifaa. Katika sensa ya Agosti 2022, makarani wa Rwanda walitumia vishikwambi badala ya karatasi, kama walivyofanya wenzao wa Kenya mwaka 2019. Tanzania nayo ilitumia vishikwambi katika sensa yake ya Agosti 2022, kisha ikavigawa kwa walimu. Kazi ya kujaza fomu ndefu nyumba kwa nyumba ilihitaji kioo kipana, wala haikuhitaji pochi ya karani.

Lakini Rwanda ilipotaka kuzifikia kaya zisizo na kifaa cha intaneti, ilichagua simu. Kampeni ya Connect Rwanda ilianza Desemba 2019, miezi michache baada ya kiwanda cha Mara Phones kuzinduliwa jijini Kigali. Mwaka 2023, awamu yake ya pili ilileta simu za 4G kwa bei ya faranga 20,000.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi wa kishikwambi, hasa kilichokwisha kutumika, anashauriwa kwenda dukani na laini yake mwenyewe. Aiweke, apige simu moja, kisha afungue *182#. Kikishindwa hapo, ajue ananunua kifaa cha kusomea na kutazamia, na bei iwe ya kifaa cha namna hiyo. Ahakikishe pia kwamba akaunti ya Google au ya Apple ya mmiliki wa awali imeondolewa muuzaji akiwa bado mbele yake, kwani kifaa kilichofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine huweza kukataa kufunguka baada ya kufutwa.

Kwa kaya isiyo na kifaa chochote cha intaneti, simu janja ndiyo ya kutangulia, kwa kuwa bila namba hakuna malipo wala huduma. Kishikwambi hufaa kuwa cha pili, pale nyumbani panapokuwa na mwanafunzi, au kazi ya kusoma na kuandika isiyoenea kwenye kioo cha kiganjani.