Seva ya kontena, utatuzi wa hitilafu za

Ni kazi ya kubaini ni kipande kipi cha programu ya wavuti kimekwama, pale kila kipande kinapoendeshwa katika kontena lake. Mtindo huu ulienea baada ya Docker, programu ya kuendeshea makontena, kutolewa mwaka 2013. Mfano ulio karibu na watu wa Unguja ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar. Ukifungwa kwa makontena, nginx hupokea wageni, Tomcat huendesha programu, PostgreSQL hutunza kanzidata.

Kivinjari kikionyesha kosa 502, nginx ni mzima. Anayetakiwa kuulizwa ni Tomcat. Amri ya docker ps -a huonyesha kontena lililokufa na namba liliyoiacha. Namba 137 mara nyingi humaanisha Linux imeliua kwa uhaba wa RAM. Java, inayoendesha Tomcat, hutumia RAM hata nje ya kiwango cha -Xmx, kwa hiyo kiwango hicho kikilingana na ukomo wa kontena, kuliwasha upya ni kuahirisha tu.

Chanzo kingine cha hitilafu ni umeme. Ule wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Hata katizo la dakika chache lina athari zake. Umeme ukirudi, makontena huamka pamoja, na Tomcat huikuta PostgreSQL bado inajirekebisha, ikakata tamaa. Dawa ni kuiwasha Tomcat baadaye. Fundi mwenye pupa hufuta kontena, na logi zake huondoka nalo.

Mtego mkubwa zaidi ni saa. Karani wa Mji Mkongwe akisema mfumo ulizima saa nne asubuhi, ana maana ya 10:00, lakini docker logs -t huandika 07:00, kwani hufuata UTC. Anayefungua mstari wa 10:00 anasoma mambo ya saa saba mchana. Anayefungua wa 04:00 anasoma ya saa moja asubuhi. Kuweka TZ=Africa/Dar_es_Salaam kunaweza kurekebisha saa za programu iliyo ndani, ila mihuri ya saa ya Docker yenyewe hubaki UTC.